Shajara ya ramani ya maji, Maseno hadi Kisumu: gridi, skeli na majina

Kamati ya maji iliitisha ramani ya ukutani yenye chemchemi zilizojengewa na visima vya pampu, kuanzia Luanda na Maseno, kupitia Kombewa na Kisian, hadi mjini Kisumu, magharibi mwa Kenya. Kinachowasumbua ni simu. Mtu anapiga kusema pampu imekufa, iko nyuma ya kanisa, na huku kwetu makanisa ni mengi kuliko pampu. Fundi anamaliza mafuta ya pikipiki akiuliza njia. Wanataka mpigaji aseme "mraba K6" na fundi ajue aelekee wapi, hata kama simu yake ni mulika mwizi.

Namna ya kuingiza data na kupaka barabara rangi sitaieleza kwa kirefu, mafunzo ya hayo yamejaa kila mahali. Ninaandika yale yanayokaa juu ya ramani na ukingoni mwake: mistari ya gridi, mstari wa skeli na majina. Huko ndiko muda na pesa vilikoenda. Programu ya kuchora ramani ni QGIS, ambayo ni ya bure. Kila hatua ikikamilika nitaongeza tarehe.

8 Februari 2025: Karatasi na projeksheni

Vituo vya maji vilikusanywa kwa simu kupitia KoboCollect, programu ya kukusanya data, kwa hiyo koodineti zake (namba za mahali) ni za WGS 84, mfumo wa GPS. Barabara na mito ni ya OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Leseni yao inadai watajwe kwenye ramani, na nimeandika maneno hayo kwenye kona ya chini mapema, kabla nafasi haijaliwa na mambo mengine.

Karatasi ni A1, yaani milimita 841 kwa 594. Kwa skeli ya 1:50,000, kilomita 40 za ardhi ni sentimita 80 za karatasi, na eneo letu linaenea karibu hivyo kutoka magharibi hadi mashariki. Kusini hadi kaskazini ni kilomita 24, sawa na sentimita 48, na nafasi inayobaki chini ni ya kichwa na ufunguo.

Projeksheni, yaani namna ya kulaza uso wa dunia kwenye karatasi, ni UTM ukanda wa 36 kusini, msimbo EPSG:32736. UTM huigawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita. Ukisoma mitandaoni utaonywa usitumie ile ya ramani za wavuti, EPSG:3857, kwa sababu huvuta umbali. Ni kweli kule London, ambako kilomita moja huonekana kama 1.6. Hapa kwetu Ikweta inapita uani, na mvuto huo karibu haupo: mashariki hadi magharibi ni sifuri, kusini hadi kaskazini ni kama asilimia 0.7 tu. Nimeiacha kwa sababu nyingine. Nilitaka miraba yenye kilomita kamili, na UTM hutoa hiyo bila kubembelezwa. Halafu Kisumu imebahatika. Mstari wa kati wa ukanda wa 36 ni longitudo 33, ambako skeli ya UTM hupunguzwa hadi 0.9996, na ukienda kama kilomita 180 kutoka hapo skeli inarudi kuwa moja. Mji uko kama kilomita 195 kutoka mstari huo. Kosa la skeli hapa ni kama sentimita 7 kwa kila kilomita, kitu ambacho hakuna rula itakayokiona.

Kama unanakili kazi hii upande wa Nakuru, angalia kwanza uko upande gani wa longitudo 36. Njoro iko ukanda wa 36, Nakuru mjini tayari ni ukanda wa 37.

15 Februari 2025: Ikweta imekata gridi

Gridi ya kilomita mbili iliwekwa kwenye sehemu ya gridi ya ramani ndani ya ukurasa wa kuchapisha, kipindi (umbali kati ya mistari) mita 2000, namba pande zote nne. Kusini kila kitu kilikaa sawa: 9988000, 9990000, 9992000. Juu ya Maseno ukingo ukaanza kusema 10002000, 10004000. Tarakimu nane, zimebanana, na kwa mtu wa kawaida hazina maana.

Chanzo chake ni hiki. UTM ya kusini huipa Ikweta namba 10,000,000 ili usipate hasi ukishuka kusini. Ukivuka kwenda kaskazini bila kubadilisha ukanda, namba inaendelea kupanda. Ukitumia ukanda wa kaskazini, EPSG:32636, Ikweta ni sifuri, na Kisumu yote inakuwa hasi. Nilijaribu hiyo pia: mji mzima ulisoma alama ya kutoa, na mwenyekiti aliuliza kama ziwa limepungua hadi chini ya sifuri.

Niliwaza kukata ramani vipande viwili, kila kipande na ukanda wake. Hiyo ingeleta mshono katikati ya Maseno, mahali penye chemchemi nyingi kuliko popote kwenye ramani hii. Nikaachana nayo.

Dawa ilikuwa kufupisha. Ramani za zamani za serikali huchapisha kwa maandishi makubwa tarakimu mbili za kilomita tu, na ukifanya hivyo tatizo linayeyuka: 10,002,000 ya kusini na 2,000 ya kaskazini zote zinakuwa 02. Tofauti kati ya mifumo hiyo miwili ni milioni kumi kamili, na tarakimu mbili za kilomita haziigusi. Kwenye maandishi ya gridi nilichagua usemi maalumu, yaani fomula, badala ya namba ya kawaida:

lpad(to_string(to_int(@grid_number / 1000) % 100), 2, '0')

Pembeni nimeongeza sentensi moja kwa mwenye kifaa cha GPS: kaskazini ya Ikweta, toa 10,000,000. Na chini yake, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka: WGS 84, UTM ukanda 36 kusini. Ramani yenye gridi isiyotaja datamu yake, yaani msingi ambao koodineti zimepimiwa, ni mtego kwa atakayekuja baadaye. Utaona sababu kwenye tarehe ya 2 Machi.

Faida moja ambayo sikuitafuta: kwa kuwa miraba ni ya kilomita mbili na 10,000,000 inagawanyika kwa mbili, Ikweta yenyewe imeangukia juu ya mstari wa gridi. Nimeipa rangi nyekundu. Kila anayetazama ramani huanzia hapo, kwa sababu ile alama ya Ikweta ya Maseno kila mtu ameipita akiwa kwenye matatu.

23 Februari 2025: Herufi zinakaa kwenye mstari, si kwenye mraba

Namba za UTM ni za mafundi wa ramani. Za wananchi ni herufi juu na namba kando. Niliweka usemi wa kubadilisha kilomita kuwa A, B, C, na zikatokea vizuri, ila kila herufi ilisimama juu ya mstari. Mstari una mraba kushoto na mraba kulia. C ni upi? Tuliwauliza watu wawili wa kamati, kila mmoja akaonyesha upande wake.

QGIS huandika maandishi ya gridi penye mstari, na hilo haliwezi kubadilishwa kwa kitufe. Njia ni kuongeza gridi ya pili juu ya ramani ileile. Kipindi ni 2000 tena, lakini mwanzo usogezwe kwa 1000 kwa pande zote mbili, ili mistari yake ipite katikati ya miraba. Kisha aina ya gridi ichaguliwe ile isiyochora mistari, bali fremu na maandishi peke yake. Herufi zinabaki, mistari inatoweka. Usemi wenyewe:

if(@grid_axis = 'x', substr('ABCDEFGHJKLMNPQRSTU', floor((@grid_number - 668000) / 2000) + 1, 1), floor((10006000 - @grid_number) / 2000) + 1)

668000 ni ukingo wa magharibi na 10006000 ni ukingo wa juu, weka zako. I na O hazimo kwenye orodha kwa makusudi, zisije zikasomwa moja na sifuri. Safu za wima ni kumi na tisa, A hadi U, na za mlalo kumi na mbili, 1 ikiwa juu. Sehemu kubwa ya katikati ya mji wa Kisumu iko P9.

Mtu aliniuliza kwa nini nisitumie namba pande zote mbili, kama 14 na 9. Kwa sababu ya mpangilio. Anayesema "tisa P" na anayesema "P tisa" wanapeleka fundi mahali pamoja. Anayesema "tisa kumi na nne" anaweza kumpeleka nje ya ramani.

Jaribio la simu lilileta jambo lingine. Tulimweka fundi barabarani penye mtandao hafifu, tukamsomea miraba. B, D, P na T zilichanganyika, M na N pia. Kwa hiyo kwenye ufunguo kila herufi imepata neno lake: B ya bata, D ya dawa, M ya maji, N ya nyoka, P ya punda, T ya taa. Hilo ni sanduku la maandishi tu, halihitaji ujanja wowote, na ndilo lililosifiwa kuliko gridi yenyewe.

Gridi ya tatu ni ya wenye simu janja. Simu huonyesha desimali, kama -0.10, 34.75, kwa hiyo gridi hiyo imepewa CRS yake (mfumo wa koodineti) ya WGS 84 ingawa ramani yenyewe ni UTM. QGIS inaruhusu kila gridi iwe na mfumo wake. Kipindi ni 0.05, karibu kilomita 5.5, na haina mistari, ni vijiti vifupi nje ya fremu. Nimeacha alama ya kutoa badala ya kuandika K kwa kusini, ili mtu aone kwenye karatasi kilekile anachokiona kwenye simu. Hapa Ikweta inatusaidia tena: gridi ya UTM na ile ya digrii karibu zinalala pamoja, hazipindani, hivyo ukingo haukuchafuka. Ukinakili kazi hii Lodwar, au mahali popote palipo mbali na Ikweta na mstari wa kati wa ukanda, utaona mistari ikianza kuachana.

2 Machi 2025: Karatasi ya zamani na mita 300

Mwenyekiti alileta ramani ya zamani ya 1:50,000, imekunjwa hadi mikunjo imetoboka. Ina majina ya vijito na chemchemi ambayo vijana wa leo hawayajui. Ilipigwa skani kwenye duka la kuchapa kwa shilingi 300, na tukaifunga kwenye koodineti kwa kutumia misalaba ya gridi yake.

Ikatua vibaya. Makutano ya Kisian kwenye karatasi yalikuwa kaskazini mwa makutano ya OpenStreetMap, na kidogo magharibi. Vivyo hivyo madaraja, vivyo hivyo ufuo wa ziwa. Makosa ya mkono huwa yanatawanyika huku na kule. Haya yote yalielekea upande mmoja, kwa kiasi kilekile, na hiyo ni dalili ya datamu.

Ramani hizo za Kenya zimechorwa kwa Arc 1960, juu ya umbo la dunia la Clarke 1880, wakati simu na GPS zinatumia WGS 84. Namba zinafanana sura lakini hazisemi mahali pamoja. Kwa upande wetu huu tofauti ni kama mita 300 kusini na kaskazini, na karibu mita 90 mashariki na magharibi. Mita 300 kwenye 1:50,000 ni milimita 6 za karatasi. Ardhini, kwenye vilima vya Maseno, ni bonde tofauti na chemchemi ya mtu mwingine.

Namna ya kurekebisha: usiisogeze picha kwa mkono. Niliifuta ile ya kwanza, nikaifunga upya kwa misalaba ileile, lakini nikatangaza CRS yake kuwa EPSG:21036, yaani Arc 1960 UTM 36 kusini, na kuiacha QGIS ifanye ubadilishaji yenyewe. Ikikuuliza utumie ubadilishaji upi, soma orodha na uchague unaotaja Kenya. Ukiipita tu, unaweza kubaki na ubadilishaji wa kukisia, na mita 300 zitarudi kimyakimya. Kama karatasi yako ni ya kaskazini mwa Ikweta, msimbo ni EPSG:21096.

Baada ya hapo makutano ya Kisian yalilala juu ya makutano ya Kisian. Majina ya zamani ya chemchemi yakanakiliwa kwenye jedwali, na karatasi ikarudishwa kwa mwenyekiti ikiwa kwenye bahasha mpya.

12 Machi 2025: Majina

Hii ndiyo hatua iliyokula jioni nyingi zaidi, na sehemu kubwa yake ni alama moja ndogo: ile ya ng'.

Nyang'ori, kule juu ya Kiboswa, ilikuwa imeandikwa kwa namna tatu kwenye data. Wengine walitumia alama iliyonyooka, simu nyingine zikaweka iliyopinda, na mmoja akaandika Nyangori bila kitu. QGIS iliyaona kama majina matatu. Halafu jedwali likapita kwenye kompyuta ya mtu aliyelifungua na kulihifadhi tena bila kuchagua UTF-8, namna ya kusimba herufi, likarudi likisoma Nyangâ€™ori. Ukiona kile kidudu cha â€™ kwenye ramani yako, usianze kufuta kwa mkono. Faili lilisomwa kwa usimbaji usio wake, basi rudi kwenye nakala safi na uliingize upya ukitaja UTF-8.

Niliamua data yote itumie alama iliyonyooka, na iliyopinda ibadilishwe kwa usemi wa replace. Angalia kwamba ndani ya usemi wa QGIS maneno yenyewe hufungwa kwa alama hiyohiyo, kwa hiyo jina huandikwa 'Nyang''ori', alama mara mbili. Ukiandika mara moja, usemi unavunjika na majina yote yanapotea kwenye ramani, si hilo moja tu. Anayechora ramani ya Magharibi au Nyanza asitarajie kukwepa jambo hili.

Mito ilikuwa rahisi zaidi. Kibos ilijirudia kila baada ya sentimita mbili, Kibos, Kibos, Kibos, kwa sababu kwenye OpenStreetMap mto mmoja ni vipande vingi na kila kipande kinadai jina lake. Kuna kisanduku cha kuunganisha mistari inayoshikana kabla ya kuweka majina. Kimewekwa tiki na mto ukabaki na jina moja linalofuata kona zake.

Mjini palikuwa na vita. Kondele, Manyatta, Obunga, Nyalenda, Bandani, Mamboleo: yote kwenye miraba michache, pamoja na vituo vya maji vyenyewe. Programu ikikosa nafasi huficha majina bila kuuliza, na siku moja Obunga ilitoweka kabisa, mtaa wenye shida ya maji kuliko mingi iliyobaki kuonekana. Sikupenda kuiachia mashine iamue nani aonekane. Mitaa imepewa kipaumbele cha juu, majengo yamenyimwa majina, na mji ukapata kisanduku chake, yaani ramani ndogo ya 1:25,000, kilichowekwa juu ya maji ya Ghuba ya Winam ambako hakuna chochote cha kufunika isipokuwa samaki. Herufi za gridi za kisanduku ni zilezile za ramani kubwa, P9 ni P9 kote.

Majina yaliyobaki yakigongana nimeyasogeza kwa mkono. Mahali pa kila jina lililosogezwa huhifadhiwa kando na data. Ukihifadhi mradi kama .qgz, yamo humo ndani. Ukihifadhi kama .qgs, yanakaa kwenye faili jingine la .qgd, na ukimtumia mwenzako .qgs peke yake atapata majina yamerudi kwenye fujo ya awali. Ilitokea, na kazi ya jioni nzima ilionekana imekwenda na maji mpaka lile faili la pili lilipopatikana.

Ukubwa wa maandishi: mji pointi 14, masoko 9, chemchemi 7. Majina yamezungushiwa rangi ya usuli ili barabara isiyakate. Rangi nyeupe ilionekana kama plasta juu ya buluu ya ziwa, kwa hiyo majina ya ziwani yamezungushiwa buluu hiyohiyo.

22 Machi 2025: Mstari wa skeli

Kazi ya dakika chache, nilidhani. Mstari ulitoka ukiwa mara mbili ya urefu unaotakiwa. Mraba wa gridi ni kilomita mbili, lakini mstari ulisema ni moja.

Kumbe ndani ya QGIS kila mstari wa skeli umefungwa kwenye ramani moja ya ukurasa, na huu ulikuwa umeshika kile kisanduku cha mji cha 1:25,000. Kwa kisanduku ulikuwa sahihi kabisa. Ukiwa na ramani zaidi ya moja kwenye ukurasa, zipe majina yanayoeleweka, kisha uhakikishe mstari umeshika ipi. Sasa iko miwili, mkubwa chini ya ramani na mdogo ndani ya kisanduku.

Vipande vya mstari mkubwa ni vya kilomita mbili, sawa na mraba, hadi kumi. Programu ilikuwa imependekeza urefu wake yenyewe, ambao haukulingana na chochote kilicho kwenye ramani. Mstari ukilingana na mraba, mtu anaupima kwa kidole na macho yanathibitisha.

Kando ya mstari nilikuwa nimeandika 1:50,000. Soma inayofuata.

29 Machi 2025: Duka la kuchapa

PDF ya kwanza ilikuwa nzito ajabu, na majina yake yalikuwa na ukungu ukiyakuza. Sababu ni kivuli nilichokuwa nimekiweka nyuma ya majina ya masoko. Madoido ya namna hiyo huilazimisha programu igeuze sehemu za ramani kuwa picha wakati wa kutoa PDF. Kivuli kikaondolewa, faili likawa jepesi na herufi zikawa kali. Pia nilichagua maandishi yatolewe kama maumbo, kwa sababu kompyuta ya dukani haina fonti yangu. Hasara yake ni kwamba huwezi kutafuta jina ndani ya PDF.

Chapa ya A1 ilikuwa shilingi 600. Ilitoka inapendeza, na rula ikaumbua: mraba ulikuwa milimita 38 badala ya 40. Printa ilikuwa imewekwa ibane ukurasa uingie ndani ya pambizo zake. Mstari wa skeli ulipungua pamoja na ramani, kwa hiyo ulikuwa bado unasema kweli. Ile 1:50,000 iliyoandikwa kwa namba haikupungua, ikabaki inadanganya.

Kijana wa duka hakuwa na kosa, printa zao zote huachwa hivyo. Nikamwomba, "Kaka, weka asilimia mia, usibane." Akaweka. Safari hii ukubwa ukawa sahihi lakini makali ya karatasi yakala herufi za kushoto, kwa sababu sentimita 80 za ramani ndani ya 84.1 zinaacha sentimita mbili tu kila upande, na namba zote za gridi zinaishi humo. Shilingi 600 nyingine zikaenda.

Nilipunguza eneo upande wa magharibi kwa safu moja. Ukingo ulikuwa 666000, na hapo ndipo ulipokuja kuwa ile 668000 niliyoiweka kwenye usemi wa tarehe 23 Februari. Nimeurekebisha usemi huko juu ili anayenakili asipate ule wa zamani. Sasa ramani ni sentimita 76 na pambizo ni karibu sentimita nne. Hakuna kituo cha maji kilichopotea, safu ile ilikuwa mashamba na barabara moja ya udongo.

Kuhusu skeli ya namba: imebaki kwenye A1 tu, ikiwa na maneno "kwa karatasi ya A1". Kwenye A3 za mafundi urefu wote ni nusu, mraba ni sentimita mbili na skeli ni 1:100,000, kwa hiyo ni ukurasa tofauti wenye maandishi yake. Pointi 7 za chemchemi zingekuwa 3.5, ambazo hata mwenye miwani hazimsaidii. Kwenye picha ya WhatsApp nimeondoa namba kabisa na kuacha mstari. Skrini za simu hazina ukubwa mmoja.

Chapa ya mwisho imetengenezwa kwa karatasi ya plastiki ya mabango, shilingi 1,500, kwa sababu ofisi ya kamati ni ya mabati na inavuja. A3 kumi kwa shilingi 100 kila moja. Ukijumlisha skani, zile mbili zilizoharibika na bando za intaneti za 500, mradi umefika shilingi 4,500. Ungeweza kukata 1,200 kwa kupima mraba wa A3 kwa rula kabla ya kukimbilia A1.

12 Aprili 2025: Ukutani, na mvua

Mvua za masika zimeanza na simu za pampu zimeongezeka, kwa hiyo ramani imepata kazi kabla misumari haijatulia. Tulijaribu kwanza: mama mmoja wa kamati alitembea na simu hadi kwenye chemchemi asiyoambiwa jina lake, akasoma zile namba mbili za desimali, na aliyebaki ofisini akafuata vijiti vya ukingoni hadi pale mistari inapokutana. Akataja jina la chemchemi. Mama akacheka kwenye simu, "Ndiyo hiyo, nimeikanyaga."

Mambo mawili yalionekana ukutani ambayo skrini haikuonyesha. Ramani ikiwa juu, herufi za ukingo wa juu hazifikiwi na kidole cha mtu mfupi. Kwa bahati gridi ilikuwa imewekwa herufi pande zote nne, na watu wanasomea chini. Na mistari ya gridi, ambayo kwenye kompyuta ilikuwa kijivu cha upole, kwenye plastiki inayong'aa haionekani mchana mlango ukiwa wazi. Kwa chapa ijayo nimeiongeza kutoka milimita 0.1 hadi 0.25.

Kamati ya upande wa Nyando imeshaomba waongezwe. Gridi haitahitaji kuanzishwa upya: baada ya U kuna V, W, X, Y na Z, kilomita kumi zaidi mashariki, na chini namba zinaendelea 13, 14. Kwenye usemi ni kuongeza herufi hizo tano mwishoni mwa orodha. Nimejaribu kwa Ahero na imeangukia Y13. Karatasi italazimika kuwa A0.